Kanisa Linapita

Siku walipolihamisha kanisa letu
walilipandisha juu ya magurudumu mia mbili na ishirini,
zima zima, na misumari yake, na harufu yake ya nta,
kwa sababu mgodi umekula chini yetu
na ardhi ya mji haishiki tena.

Hapa Malmvaara, kaskazini mwa Uswidi,
mwezi wa nane jua halina haraka ya kuzama.
Kanisa nalo halikuwa na haraka:
nusu kilomita kwa saa.
Mtoto anayetambaa angelipita.

Nilisimama upande wa duka la dawa.
Mfukoni, ufunguo.

Ufunguo wa nyumba ya baba, Isak mlipua miamba:
mbao nyekundu, ngazi saba, jiko la chuma,
nyumba niliyoigombania na dada yangu Gunvor
miaka thelathini na mmoja.
Mahakamani mara mbili.
Mazishi ya mama mara moja, tukiwa benchi mbalimbali.
Nilishinda. Hakimu aliliandika jina langu
nami nikalala humo peke yangu
kama jino lililobaki mdomoni.

Mwezi wa tano kampuni ikaleta tingatinga.
Dakika kumi na tisa.
Nilihesabu kwa saa yangu ya mkononi.
Jiko la chuma lililia mara moja tu.

Yaliyopita si ndwele, husema asiyeumwa.
Mimi yalinilaza.

Namwelewa mke wa Lutu.
Hakuna anayeuliza aliacha nini jikoni,
pengine unga uliokandwa,
pengine dada.
Chumvi haianzii miguuni.
Huanzia shingoni, pale unapogeuka,
na shingo yangu, Bwana, waijua.

Sikuombi unisahaulishe.
Nilikuwa karani wa mgodi, tarakimu hazinitoki.
Nifundishe tu kulifunga daftari
huku safu hazijalingana,
Wewe uliyelipa
bila kudai risiti.

Ndipo nikamwona, ng'ambo ya barabara,
kofia ya sufu ya kijani, chupa ya kahawa kifuani.
Naye aliniona. Nadhani aliniona.
Kisha kanisa likaingia kati yetu.

Mnara kwanza. Halafu ukuta.
Halafu dirisha ambalo chini yake nilibatizwa,
likitikisika kidogo kama maji ndani ya ndoo.
Kengele walikuwa wameifunga kwa blanketi;
kwenye kona ya posta ikalia hata hivyo,
kwa sauti ya mtu anayekohoa ibadani.
Dakika tano nzima sikuona kitu
ila ubavu wa nyumba ya Mungu.
Nikachuchumia, bibi wa miaka sabini na minne,
kwa ncha za vidole, mbele ya watu.
Nikawaza: likishapita, atakuwa ameondoka.
Nikawaza: na asiondoke.

Likapita.

Barabara ilikuwa pana kuliko nilivyoikumbuka.
Nikavuka mimi, maana goti bovu ni lake.
"Umezeeka," akasema.
"Ulianza wewe," nikamjibu,
kwa kuwa ananizidi miaka miwili.
Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko.
Sukari nyingi mno, kama siku zote.
Nikanywa.

Tukalifuata kanisa pamoja na wengine,
nyuma ya mchungaji Lempi na watoto wenye baiskeli.
Ufunguo ulinigonga pajani kila hatua.
Sikuutupa, wala sikumwonyesha.
Siku hiyo haukuwa na kazi,
basi nikauacha ugonge.

Karibu na daraja Gunvor akauliza
kama kule kwenye msingi mpya kuna mahali pa kuketi,
au watu watasimama.
Nikamwambia benchi ni zile zile,
zimo humo ndani, zinasafiri.

Akanyamaza mpaka tukavuka daraja.

"Basi sisi," akasema, "tutakaa ipi?"